Nilimwambia mara tatu, na bado anasema hakuambiwa

Shikamoo Mama,

Mimi ni mratibu wa mradi, na huu ndio wa kwanza kuubeba peke yangu. Tunahamisha kumbukumbu za wanachama wa shirika letu kutoka kwenye majalada na kompyuta za zamani za matawi 11 kwenda kwenye mfumo mmoja mpya. Mdhamini wa mradi, yaani yule aliyeupigania mpaka ukapata bajeti, ni mkurugenzi wetu wa uendeshaji. Ni mtu mzima, anaheshimika, hana makelele.

Tangu mwanzo nimejitahidi kuwa mwazi. Kila Ijumaa jioni natuma ripoti ya wiki kwa wadau wote 23: mkurugenzi, mkuu wa fedha, mwanasheria, wakuu wa matawi, mafundi wa mfumo, hadi watunza kumbukumbu. Ripoti ina kurasa 9, imepangika, ina majedwali na rangi za kijani, njano na nyekundu.

Wiki ya 9 tuligundua kwamba kumbukumbu nyingi zimejirudia. Mwanachama mmoja ana majalada mawili au matatu, kila moja lina tarehe yake ya kuzaliwa. Kazi ya kuzisafisha haikuwemo kwenye ratiba. Nikaandika kwenye ripoti. Wiki ya 11 nikaandika tena, ya 12 nikaandika tena. Nakunukulia maneno yenyewe uone kwamba sikuficha: "Zoezi la uhamishaji wa kumbukumbu linaendelea vizuri licha ya changamoto ya baadhi ya kumbukumbu kujirudia, ambayo inaendelea kushughulikiwa na timu husika."

Wiki ya 14 kamati ya uongozi wa mradi ikakaa. Nikaeleza kwamba tumechelewa wiki sita. Mkurugenzi akaweka kalamu chini, akasema, "Hili nalisikia leo."

Mama, damu ilinipanda. Nikafungua kompyuta nikamsomea ukurasa wa 6 wa ripoti ya wiki ya 9 mbele ya kamati nzima. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa. Tuendelee." Tangu siku hiyo ananijibu kwa neno moja moja.

Meneja wangu akaniambia niboreshe mawasiliano. Nimeboresha: nimeongeza muhtasari wa kila Jumatano, nimefungua kundi la WhatsApp la wadau wote, na fundi ametutengenezea dashibodi, yaani ukurasa wa kompyuta unaoonyesha mradi umefikia wapi, ambayo kila mtu anaweza kuifungua saa yoyote. Badala ya kupoa, mambo yamechacha. Mkurugenzi haandiki, ananitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne saa nne usiku, ndani yake mna maagizo matatu na maswali mawili. Mkuu wa fedha ananibana kundini mbele ya watu wote: "Nani ameidhinisha hili?" Watunza kumbukumbu nao wanauliza maswali yaleyale niliyokwisha kuyajibu kwenye ripoti.

Naomba unisaidie mambo mawili. Kwanza, njia ipi hasa ndiyo sahihi: barua pepe, kikao, simu au WhatsApp? Pili, nimeandaa barua pepe ya kumtumia mkurugenzi zile ripoti tatu, na sehemu zinazozungumzia tatizo nimezipaka rangi ya njano. Sijaituma. Niitume?

Msema kweli asiyesikika

* * *

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hilo la pili, maana kidole chako kiko karibu na kitufe. Usiitume. Jiulize unataka afanye nini akishaisoma. Akiri? Akuombe radhi? Ulishamsomea ukurasa wa 6 mbele ya wenzake, na "Sawa, tuendelee" ndilo jibu la mtu mzima aliyeamua kutokugombana nawe hadharani. Rangi ya njano itakuwa kumsomea mara ya pili. Nitarudi kwake baadaye, kwanza tukae na ile sentensi yako, kwa sababu umenipa kitu ambacho wengi wanaoniandikia huwa wanakificha.

Isome tena taratibu. Inaanza na "linaendelea vizuri". Mtu mwenye ripoti nyingine sita mezani akifika hapo ameshapata alichokuwa anakitafuta, macho yake yanaruka aya. Halafu linakuja "licha ya", ambalo kazi yake ni kupunguza uzito wa kitu kinachofuata. Halafu "changamoto". Hilo neno liliingia maofisini kama neno la adabu, la kumsitiri mtu asiaibike. Siku hizi mtambo ukiungua ni changamoto, mzabuni akikimbia na kazi nusu ni changamoto, na kalamu ikiisha wino ni changamoto vilevile. Neno linalobeba kila kitu halimwonyeshi msomaji ukubwa wa chochote. "Baadhi" ni ngapi, 40 au 40,000? "Inaendelea kushughulikiwa" na nani, mpaka lini? Timu husika ndiyo ipi?

Hukudanganya hata mara moja. Ila sentensi yako ilimpa mkurugenzi ruhusa ya kutokusikia, na mtu mwenye shughuli nyingi akipewa ruhusa hiyo anaitumia. Zaidi ya hapo, haikumwomba kitu. Hata angeisoma mara tatu, hapana mahali angejua kwamba zamu ni yake.

Sasa soma hii. Namba nimezibuni, wewe weka zako: "Kumbukumbu zimejirudia katika matawi 7 kati ya 11. Tukiendelea na watu tulionao, uzinduzi utachelewa wiki nne hadi sita. Naomba uamuzi wako kabla ya Alhamisi: tuongeze watu wawili wa kusafisha, au tuanze na matawi manne yaliyo safi? Mimi napendekeza la pili." Ni mistari mitatu. Mtu akiisoma hiyo hawezi kusema wiki ya 14 kwamba ndiyo kwanza anasikia, na wala hatataka kusema hivyo, maana uamuzi utakuwa na alama ya mkono wake.

Usidhani ni kosa la wanagenzi. Januari 2003 chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilipokuwa kinapaa, kipande cha povu la kuhami joto kilichomoka kwenye tangi la nje kikagonga bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado huko juu, wahandisi waliochunguza pigo lile waliandaa slaidi za kuwaeleza wakuu. Kichwa cha slaidi moja kilisomeka kama habari ya kutuliza moyo. Chini kabisa, kwenye mistari ya mwisho ambayo macho hufika yakiwa yamechoka, ndipo palipokuwa na jambo lenyewe: jaribio walilokuwa wakilitegemea lilihusu kipande cha inchi 3 za ujazo, ilhali kilichogonga bawa kilikadiriwa kuwa inchi 1,920. Ukigawanya unapata mara 640, lakini msomaji aliachiwa agawanye mwenyewe. Tarehe 1 Februari chombo kilikatika vipandevipande kikirudi duniani na wote 7 waliokuwemo wakafa. Bodi iliyoichunguza ajali ile iliitaja slaidi hiyo kwenye ripoti yake ya Agosti, ikasema ni rahisi kuelewa jinsi mkuu angeisoma asitambue kwamba inazungumzia hatari ya uhai. Wahandisi wale pia wangeweza kusema, "Tuliandika." Na kweli waliandika.

Mradi wako hauui mtu, namshukuru Mungu. Lakini ukurasa wako wa 6 na mistari yao ya mwisho ni ndugu wa tumbo moja.

Kwa nini tunaandika hivi? Si ujinga. Mwaka 1970 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Sidney Rosen na Abraham Tesser, walionyesha kwa majaribio kwamba mtu aliyepewa ujumbe wa kumfikishia mwenzake huutoa upesi na kikamilifu ukiwa mzuri, na huusitasita ukiwa mbaya, hata kama ubaya wenyewe si wa kwake. Sasa weka juu yake kwamba ubaya ni wa mradi wako wa kwanza, na anayeupokea ni mtu unayemwamkia. Ndiyo maana kwenye miradi wanasema ripoti ya tikiti maji: kijani nje, nyekundu ndani. Hukuniambia wiki ya 9 uliipa rangi gani hiyo kazi ya kuhamisha kumbukumbu. Nakisia haikuwa nyekundu.

Tuje kwenye swali lako la kwanza, njia ipi. Katikati ya miaka ya 1980 wataalamu wawili wa masuala ya taasisi, Richard Daft na Robert Lengel, walitenganisha vitu viwili ambavyo sisi maofisini tunavichanganya kila siku. Kuna kukosa habari: sijui uzinduzi ni tarehe ngapi, niambie. Na kuna kuwa na habari ambayo kila mtu anaielewa kivyake: tumechelewa, lakini je, ni uzembe, ni bahati mbaya, au ratiba ilikuwa ya ndoto tangu mwanzo? La kwanza linamalizwa na mstari mmoja wa maandishi. La pili linataka uso, sauti, na nafasi ya kukatizana maneno. Wewe ulilibeba la pili kwa chombo cha la kwanza. Kuchelewa wiki sita ni jambo la kuongelea, si la kusomea.

Kwa hiyo habari mbaya kwa mdhamini inakwenda hivi. Unampigia simu au unagonga mlango siku hiyohiyo, mkiwa wawili, kabla hajaisikia kwingine na kabla ya kikao chochote. Dakika tano zinatosha: kilichotokea, kitakachofuata, unachomwomba. Ukitoka hapo, kabla hujafanya kazi nyingine, unamwandikia mliyokubaliana. Sauti kwanza, maandishi baadaye, na maandishi ni ya kutunza, si ya kumshtua nayo. Ukibadilisha mpangilio huo, ukamwandikia kwanza, atakaa na karatasi yako peke yake na kuijazia hasira mwenyewe. Kikao cha kamati si mahali pa mdhamini kupata habari mpya. Kikao ni pa kupitisha yale ambayo kila mkubwa alikwisha kuyasikia pembeni. Nimeona vikao vingi vikivunjika, na karibu vyote vilivunjika kwa sababu mtu mmoja pale mezani alishangazwa.

Nimependa ulivyoandika mdhamini. Wengi husema mfadhili, na neno hilo linatupotosha, tunamwona mwenye mfuko tu, tunamripotia matumizi basi. Mdhamini ni aliyekuwekea dhamana. Wewe ukianguka, naye anaulizwa. Hicho ndicho kilichomuuma kwenye kamati, mwanangu, kuliko wiki sita zenyewe. Wewe ulimwacha mbele ya wenzake akionekana hajui nyumba yake, kisha ukasimama ukathibitisha kwa kusoma.

Lakini utajuaje jambo gani ni la kugonga mlango na lipi ni la kungoja Ijumaa? Usikisie, mkubaliane. Utaratibu wa kusimamia miradi uitwao PRINCE2, uliozaliwa kwenye ofisi za serikali ya Uingereza na kutolewa mwaka 1996, una kitu kimoja ambacho ningekichukua hata kama mengine yote ningeyaacha: mpaka wa uvumilivu. Mnakaa mnapanga mapema kwamba muda ukizidi wiki mbili, au gharama zikizidi kiasi fulani, meneja wa mradi anapeleka jambo juu mara moja. Chini ya hapo anahangaika nalo mwenyewe, hasumbui mtu. Na la muhimu ni hili: anapeleka pale anapoona mpaka utavukwa, hangoji uvukwe. Wewe wiki ya 9 ulishaona. Kama mngekuwa na mpaka, usingebaki na mzigo wa kuamua kama unamsumbua mzee au la. Mpaka ungeamua kwa niaba yako.

Sasa niseme la kwangu, nisije nikaonekana nilizaliwa najua. Zamani kidogo nilikuwa na mdhamini mwanamke, mkali, mwenye akili ya haraka, na kila mwezi nilikuwa namtumia ripoti niliyojivunia. Hakuwahi kuijibu hata moja. Nikawa nalalamika kwa wenzangu kwamba bosi hasomi. Jioni moja nikamkuta kwenye ngazi za nje akisubiri gari, simu mkononi. Ripoti yangu nilikuwa nimeipangia muda ijitume yenyewe, na ikaingia tukiwa tumesimama pale pale. Nikaiona kwa macho yangu kwenye skrini yake. Juu: "Ripoti ya Mwezi Na. 5". Chini yake, kwa nafasi iliyobaki: "Habari za kazi? Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Napenda kuchukua nafasi hii…" Akaisukuma kando kwa kidole gumba, akaendelea kuniuliza habari za watoto.

Miezi mitano nilikuwa namwandikia kurasa, naye alikuwa anasoma maneno kumi na tano, na maneno yote kumi na tano nilikuwa nimeyatumia kusalimia. Toka siku hiyo kichwa cha barua pepe yangu ndiyo ripoti. "Mfumo mpya: tuko kwenye ratiba, hakuna ninachoomba wiki hii." Au: "Naomba uamuzi kabla ya Alhamisi, matawi 4 au 11." Akiishia hapo, ameshaelewa. Salamu sijaziacha, sisi si watu wa kuacha salamu, ila nimezifanya ziwe neno moja na zinakuja baada ya kichwa chenye kazi.

Ndiyo maana sikuambii barua pepe ni nzuri au mbaya. Nakuambia nenda kamwangalie anavyosoma. Anafungua viambatisho kwenye simu? Anachapisha? Anasoma asubuhi au usiku? Kwa mkurugenzi wako jibu unalo tayari na umelileta kwangu kama malalamiko: mtu anayekutumia sauti ya dakika nne saa nne usiku amekuonyesha saa anayopumua na njia anayoipenda. Ni mtu wa kuongea. Wewe unamrudishia kurasa 9.

Sikuambii ulale na simu. Ujumbe wa saa nne usiku unaweza kungoja asubuhi, na ukiujibu usiku mara mbili umeanzisha desturi. Ila asubuhi usikilize mara mbili ukiwa na kalamu, kisha umwandikie: "Mkurugenzi, nimekusikia hivi: moja, mbili, tatu, hizo nazifanya. Maswali yako mawili majibu yake ni haya. Kama nimekosea popote nisahihishe." Unafanya hivyo kwa sababu mbili. Sauti haitafutiki, miezi mitatu baadaye hutakumbuka ilikuwa ujumbe upi wa usiku upi. Na mtu akiongea hujisikia ameamuru, kumbe mara nyingine alikuwa anawaza kwa sauti. Akiona mawazo yake yameandikwa kama maagizo, atakuambia mwenyewe, "Hapana, hilo la tatu nilikuwa nawaza tu."

Mkuu wa fedha usibishane naye kwenye kundi lile. Kila anapokuuliza "Nani ameidhinisha?" na wewe ukamjibu palepale, wengine wote wanakaa kutazama mchezo, na hakuna kati yenu anayeweza kurudi nyuma bila kuonekana ameshindwa. Mjibu mstari mmoja, "Nakupigia sasa hivi, mkuu," kisha upige kweli. Muulize anachokiogopa. Naweza kukisia: bajeti ya kusafisha kumbukumbu itatoka mfuko upi, na wakaguzi wakija nani atasaini. Hilo ni swali halali kabisa, na ripoti yako ya kurasa 9 haikuligusa kwa sababu ilikuwa inamwandikia kila mtu. Yeye mtumie jedwali moja la fedha kila mwezi, limejaa namba, halina maneno. Watu wa fedha hawachoki na namba, wanachoka na maelezo. Na kabla ya kikao chochote chenye jambo la pesa, pita kwake kwanza.

Kundi lenyewe lifanye la matangazo tu: mfumo utazimwa saa fulani, mafunzo yamesogezwa. Uamuzi wowote usifanyike mle. Vitabu vya usimamizi wa miradi vina hesabu ndogo: idadi ya watu, zidisha kwa idadi hiyo toa moja, gawa kwa mbili, unapata njia ambazo maneno yanaweza kupita kati yao. Kwa watu 23 ni njia 253. Ulipofungua kundi ulidhani unafungua mlango mmoja.

Muhtasari wa Jumatano ufute. Dashibodi iache, haimdhuru mtu, ila usihesabu kwamba umemwambia mtu jambo kwa sababu liko kwenye dashibodi. Kitu ambacho mtu lazima aende kukifuata ni cha mwenye hamu, na mwenye hamu zaidi na dashibodi ya mradi kwa kawaida ni aliyeitengeneza.

Nimebakisha watunza kumbukumbu, na hapa nitakugombeza kidogo. Umewataja mwisho, kwa mstari mmoja, kama kero. Kuna jedwali maarufu linalohusishwa na Aubrey Mendelow, linapanga wadau kwa nguvu zao na kiasi wanachoguswa na mradi. Wenye nguvu na wanaoguswa unawakumbatia, wasio na nguvu unawapa taarifa tu. Jedwali ni zuri kuanzia, wengi huanza nalo. Ubaya wake ni kwamba watu wakishalichora wanaamini mtu asiye na cheo hana nguvu. Mtunza kumbukumbu wa tawi asipouelewa mfumo wako hatapinga kundini, hatainua mkono kwenye kikao. Ataendelea kuandika kwenye daftari lake la zamani, kimyakimya, na kuingiza kwenye kompyuta akipata nafasi. Mwaka mmoja baadaye utakuwa na majalada mawili ya mwanachama mmoja, na tarehe mbili za kuzaliwa. Si ndiko ulikoanzia?

Wanauliza maswali yaleyale kwa sababu majibu yako yako kwenye ripoti iliyoandikwa kwa lugha ya kamati. Wao wanataka kujua vitu vitatu: Jumatatu nikifika kazini nabonyeza wapi, majalada yangu ya karatasi yanapelekwa wapi, na nikikosea nani ananisaidia bila kunisema. Ripoti haijibu hayo. Karatasi moja ya kubandika ukutani inajibu, na mtu mmoja wa kila tawi aliyefundishwa vizuri anajibu zaidi ya karatasi. Pia wao ndio waliokuwa wanajua kumbukumbu zimejirudia, nina hakika, miaka kabla ya mradi wako. Ulikwenda kuwauliza wiki ya kwanza?

Ripoti ya Ijumaa usiiue. Iwe ukurasa mmoja, iende kwa watu saba au wanane wanaoamua, na lile lililo baya likae mstari wa kwanza. Zile kurasa nyingine zote zitunze mahali panapofikika, siku moja mkaguzi atazitaka na utafurahi unazo.

Sasa mkurugenzi. Omba dakika kumi, usiombe kwa WhatsApp, nenda kwa katibu wake. Ukikaa, mwambie hivi au kwa maneno yako: "Mkurugenzi, wiki ya 9 nilikuwa najua tutachelewa, na nilikuandikia kwa namna isiyoeleweka. Kwenye kamati nikakufanya uonekane hukuambiwa, halafu nikakusomea. Samahani kwa hilo." Usiongeze "lakini". Nyamaza, mwache aseme atakalosema, hata kama atakaa kimya muda. Kisha muulize maswali mawili tu: kuchelewa kukifika kiasi gani ungependa nikutafute siku hiyohiyo, na ukitafutwa, upigiwe simu au nije? Yaandike mbele yake, umsomee alichosema. Halafu mpe lile la matawi manne au 11, uone anachagua lipi.

Kompyuta iache mezani kwako. Na ile barua pepe yenye rangi ya njano ifute kabla hujaondoka, maana ukiingia kwake ukijua iko, utaitaja.